Jiwe Lililonyweshwa Chumvi: Historia ya Vichocheo vya Kulowekwa

Mwaka 1831 Peregrine Phillips, mfanyabiashara wa siki katika mji wa Bristol, Uingereza, alisajili hataza ya njia mpya ya kupata asidi ya salfuriki. Gesi itokayo kwenye salfa inayoungua ichanganywe na hewa, alisema, kisha ipitishwe kwenye platini iliyopashwa moto; itatoka ikiwa imepokea oksijeni zaidi, tayari kugeuzwa asidi. Kemia yake haikuwa na kasoro. Miaka minane kabla yake, mjini Jena, Johann Wolfgang Döbereiner alikuwa ameonyesha kwamba hidrojeni ikipulizwa kwenye platini iliyo laini kama sifongo huwaka yenyewe, na alikuwa amejaribu kuchanganya platini na udongo wa mfinyanzi akapata vidonge vilivyofanya kazi ileile kwa madini kidogo zaidi. Platini ilikuwa ghali. Hilo ndilo lililowasukuma watu kuitandaza nyembamba juu ya kitu cha bei rahisi, na hapo ndipo inapoanzia historia ya vichocheo vya kulowekwa: jiwe lenye vitundu hunyweshwa mmumunyo wa chumvi ya madini, hukaushwa, huchomwa, na hubaki na madini hayo au oksidi yake ndani ya vitundu vyake. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba njia iliyozaliwa na nia ya kubana matumizi ilikuja kuwa njia ya kuunda vitu ambavyo haviwezi kuwepo kwa namna nyingine, na kwamba walioitumia walichelewa sana kulitambua hilo kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye madini, wakalisahau jiwe.

Kazi yenyewe, ikitazamwa mezani, haina makuu. Chukua gramu 100 za punje za alumina, yaani oksidi ya aluminiamu iliyotengenezwa iwe na vitundu, zikiwa zimekaushwa tanuruni mpaka hazina unyevu. Zidondoshee maji huku ukizigeuzageuza, upime ni mililita ngapi zinanywewa kabla punje hazijaanza kung'aa na kugandana. Tuseme ni 60. Hicho ndicho kipimo cha utupu uliomo ndani yake. Sasa chukua punje nyingine kavu za uzito uleule, yeyusha chumvi ya madini unayoyataka, nitrati ya kobalti kwa mfano, upate mililita 60 za mmumunyo, kisha umimine kidogo kidogo. Punje hutoa vipovu kwa sababu hewa inafukuzwa vitunduni, hupata joto, nyingine hupasuka kwa mlio mdogo. Muda si mrefu mmumunyo wa rangi ya waridi umeingia wote ndani, na chombo kimebaki kikavu kana kwamba hakikumiminiwa kitu. Punje hukaushwa kwa nyuzi 110 au 120 za Selsiasi, kisha huchomwa kwa nyuzi 500 hivi hadi moshi wa kahawia wa nitrati inayovunjika uishe. Hakuna kilichomwagwa wala kilichochujwa, na ndiyo maana viwanda vinaipenda njia hii. Ipo nyingine ya zamani zaidi, ya kuzamisha punje kwenye mmumunyo mwingi kuliko zinavyoweza kunywa na baadaye kuzichuja. Hiyo hupoteza chumvi inayobaki chomboni, ila ina faida yake ambayo tutaifikia.

Hataza ya Phillips ililala kwa zaidi ya miaka 40. Asidi kali isiyo na maji haikuwa na wanunuzi wengi mpaka viwanda vya rangi vya Ujerumani vilipoanza kuihitaji kwa ajili ya alizarini, na baadaye nili. Mwaka 1875 Clemens Winkler, mwalimu katika chuo cha madini cha Freiberg huko Saksonia, alichapisha maelezo ya namna ya kuipata kwa msaada wa asbesto iliyolowekwa kwenye mmumunyo wa kloridi ya platini. Nyuzi za asbesto zilikunywa chumvi ile, platini ikatolewa kwenye chumvi yake kwa njia ya kemia, na nyuzi zikabaki zimepakwa madini laini meusi. Asbesto ilichaguliwa kwa sifa moja: haiungui na haisumbuliwi na asidi. Kwa maneno mengine ilitakiwa isifanye lolote. Wengine walitumia salfeti ya magnesiamu, chumvi inayoyeyuka majini, ili kichocheo kikichakaa iwe rahisi kuirudisha platini. Mawazo ya wakati huo yanaonekana wazi katika chaguo hilo: kibebeo, yaani kitu kinachoshikilia madini, kilikuwa sinia, na chakula ni platini. Kisha Rudolf Knietsch wa kampuni ya BASF, katika mhadhara wake maarufu mjini Berlin mwaka 1901, akaeleza jinsi aseniki kidogo sana katika gesi inavyoiua platini, na jinsi gesi inavyopaswa kusafishwa. Baada ya hapo njia ya Phillips ikawa biashara kubwa.

Msomaji anaweza kusema hapa kwamba hadithi yote basi ni ya gharama, na kwamba mengine ni mapambo. Jibu lake liko Widnes, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako Henry Deacon aliloweka kitu kisichokuwa ghali hata kidogo. Viwanda vya magadi vya zama hizo vilitoa gesi ya kloridi ya hidrojeni iliyounguza miti na mazao ya jirani, na sheria ya mwaka 1863 ikavilazimisha kunasa angalau asilimia 95 ya gesi hiyo. Deacon aliona kwamba takataka hii ingeweza kupatiwa soko ikigeuzwa klorini ya kung'arishia vitambaa na karatasi. Mwaka 1868 alichukua hataza ya kupitisha gesi hiyo pamoja na hewa, kwa joto la zaidi ya nyuzi 400, kwenye vipande vya udongo uliochomwa vilivyolowekwa katika mmumunyo wa chumvi ya shaba. Shaba haikuhitaji kubaniwa. Kilichohitajika ni uso: chumvi ya shaba ikiwekwa peke yake kwenye joto hilo hulainika, hushikana na kuziba njia ya gesi, lakini ikishikwa na udongo hubaki imesambaa. Tayari jiwe lilikuwa linafanya kazi ambayo madini yasingeweza kuifanya peke yake. Deacon na mkemia wake Ferdinand Hurter walipata taabu nyingi, kwa kuwa kloridi ya shaba huvukiza kidogo kidogo na kuondoka na gesi, na uchafu uliomo katika gesi ulikidhoofisha kichocheo. Viwanda vingi vikaendelea na njia ya Weldon iliyotumia oksidi ya manganizi. Kwa kipimo cha biashara Deacon hakushinda. Kwa historia yetu, yeye ndiye shahidi wa kwanza kwamba kuloweka kulikuwa na sababu zaidi ya bei.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye vanadi. Vitabu vya kemia vya sekondari huandika kwa mstari mmoja kwamba asidi ya salfuriki hutengenezwa kwa kichocheo cha vanadi pentoksidi, na mwanafunzi hukariri hivyo na kufaulu mtihani. Mstari huo si uongo, ila umeacha nje karibu kila kitu chenye maana. Hataza ya kutumia vanadi kwa kazi hii ilikwisha kuchukuliwa na kampuni ya Kijerumani ya de Haën tangu 1900, na bado platini ikaendelea kutawala, kwa kuwa vanadi ile ilifanya kazi kivivu. Mabadiliko yaliletwa na Slama na Wolf wa BASF, ambao kuelekea mwaka 1915 waliongeza chumvi ya potasiamu na kuvishikisha vyote viwili, vanadi na potasiamu, kwenye silika laini, hasa udongo mweupe wa mabaki ya viumbe wadogo wa majini, kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya. Kiufundi mara nyingi kazi hiyo ilikuwa mpakani mwa kuloweka na kukanda, kwani udongo ulichanganywa na mmumunyo hadi ukawa kinyunga, kisha ukafinyangwa kuwa vidonge. Matokeo yalishindana na platini, na tena vanadi haikuogopa aseniki kwa kiwango kile. Katika miongo michache platini ikatoweka kwenye kazi hii.

Kwa nini potasiamu ilileta tofauti hiyo? Waliobuni mchanganyiko huo waliujua kwa matokeo, si kwa sababu zake. Mwaka 1940 Frazer na Kirkpatrick walitoa maelezo, na baadaye katika muongo huo Topsøe na Nielsen wa Denmark wakayaendeleza: katika joto la kazi, la nyuzi 400 na kupanda, potasiamu hunywa trioksidi ya salfa ikawa pirosalfeti, chumvi inayoyeyuka kwenye joto hilohilo, na vanadi huyeyuka ndani yake. Kichocheo kile kikavu, kilichopimwa na kuuzwa kama vidonge vya udongo, kilikuwa kikifanya kazi kikiwa kimiminika. Silika ilikuwa imeshikilia utando mwembamba wa chumvi iliyoyeyuka kwenye kuta za vitundu vyake, na gesi ilikuwa ikiingia katika utando huo na kutoka. Tafakari maana yake. Kwa takriban robo karne viwanda vya dunia vilitengeneza asidi kwa msaada wa kitu ambacho wenyewe waliamini ni oksidi ngumu iliyokaa juu ya sinia. Ukiondoa silika, unabaki na ziwa dogo la chumvi ya moto lisilo na uso wa kutosha; ukiondoa potasiamu, unarudi kwa de Haën. Anayesema vanadi pentoksidi ndiyo kichocheo amekitaja kiungo kimoja na kukiita chakula kizima.

Mpaka mwaka 1938 hakuna aliyeweza hata kupima vizuri uso ambao watu walikuwa wakitandaza madini juu yake. Mwaka huo Brunauer, Emmett na Teller walichapisha njia ya kuukadiria kwa kuhesabu nitrojeni inayonata kwenye kitu kikiwa kimepozwa sana, na ghafla ikajulikana kwamba gramu moja ya alumina nzuri ina uso wa mita za mraba 200 au zaidi. Ujuzi huo ulikuja wakati viwanda vya mafuta vikiwa na haja nao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walitumia oksidi ya molibdeni iliyo juu ya alumina kupata toluini ya baruti kutoka kwenye mafuta ya petroli. Baadaye molibdeni hiyohiyo, ikisaidiwa na kobalti na kugeuzwa salfidi kabla ya kazi, ikawa kichocheo kikuu cha kuondoa salfa katika mafuta. Dizeli inayouzwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambayo kuanzia mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 kwa milioni, imepita kwenye punje za aina hii katika viwanda vya nje inakosafishwa. Molibdeni trioksidi ikiwa peke yake huyeyuka kwa nyuzi 795, na huanza kuvukiza kabla ya hapo. Juu ya alumina hutanda yenyewe. Wakemia wa Beijing, Xie Youchang na Tang Youqi, walionyesha baadaye kwamba hata ukichanganya unga wa oksidi hiyo na alumina bila maji na kuupasha moto chini ya kiwango cha kuyeyuka, fuwele za molibdeni hutoweka na oksidi husambaa ikawa tabaka moja, hadi uso utakapojaa. Inayozidi hapo ndiyo hurudi kuwa fuwele.

Lakini kama ni lazima kuchagua kielelezo kimoja, ni kromi. Mwaka 1951, huko Bartlesville katika jimbo la Oklahoma, J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips Petroleum, isiyohusiana na mwuza siki wetu, walikuwa wakitafuta njia ya kugeuza propilini kuwa viungo vya petroli. Kichocheo chao kilikuwa oksidi ya nikeli juu ya silika iliyochanganywa na alumina. Siku moja mwezi Juni walikitia oksidi ya kromi kidogo ili waone kama kitaboreka, na bomba likaziba kwa kitu cheupe kigumu. Nikeli ilikuwa imetoa vimiminika kama kawaida. Kromi ilikuwa imefunga propilini kuwa plastiki. Walipoiacha nikeli na kuleta ethilini, wakapata polithilini ngumu iliyonyooka, bila shinikizo kubwa mno lililohitajiwa na njia ya Kiingereza ya miaka ya 1930. Kampuni ikaiuza kwa jina la Marlex tangu 1954, na mwaka 1958 mchezo wa kuzungusha pete kiunoni ukamaliza akiba yake ya plastiki ambayo haikuwa imefikia kiwango. Madumu, mapipa na chupa ngumu za sabuni ni vya ukoo huo, na sehemu kubwa ya plastiki ya aina hiyo duniani hadi leo hutoka kwenye kichocheo cha kromi.

Sasa tazama jinsi kinavyotengenezwa. Silika yenye vitundu hulowekwa kwa mmumunyo wa kromi ili ibaki na asilimia moja hivi ya kromi kwa uzito, hukaushwa, kisha hupashwa moto katika hewa kavu kwa nyuzi 500 hadi 800 na zaidi. Kromi trioksidi halisi, ile nyekundu ya chupani, huyeyuka kwa nyuzi 197, na ikizidi kupashwa hupoteza oksijeni na kuwa unga wa kijani usiofaa kwa kazi hii. Kwa hesabu ya kawaida, basi, kinachotoka tanuruni kwa nyuzi 700 kilipaswa kuwa kijani. Hutoka rangi ya machungwa. Kila kromi imefungwa kwenye uso wa silika kupitia oksijeni, ikachukua nafasi ya maji yaliyofukuzwa, na imebaki katika hali ya juu ya oksidi kwa joto ambalo isingelihimili ikiwa peke yake. Fundi anayeona kijani anajua kwamba unyevu uliingia tanuruni au kromi imezidi. Hapa neno la kubana matumizi halina nafasi tena. Hakuna kiasi cha kromi trioksidi, hata kingekuwa bure, kitakachofanya kazi hii bila silika, kwa sababu kitu kinachofanya kazi si kromi trioksidi. Ni kitu kingine kilichozaliwa tanuruni, nusu yake kromi na nusu yake ukuta.

Wapo watakaosema kwamba Bartlesville ilikuwa bahati nasibu, na bahati haithibitishi hoja yoyote juu ya njia. Ni kweli kwamba plastiki haikutarajiwa. Lakini angalia ni bahati ya namna gani. Watafiti wale walikuwa na kibebeo kilekile, tanuru lilelile na bomba lilelile. Walichobadilisha ni chumvi iliyomo katika mmumunyo. Njia ya kuloweka inatenganisha kazi mbili ambazo njia nyingine huzichanganya: umbo, ugumu na vitundu vya punje huamuliwa mapema na mtengenezaji wa kibebeo, na kemia huongezwa mwishoni kwa kumimina. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kujaribu madini kumi kwa wiki bila kuanza upya kila mara. Njia ya namna hiyo huzaa ajali nyingi, na kati ya ajali nyingi chache huwa na faida. Bahati ilimpata mtu aliyekuwa na vifaa vya kuikaribisha, na vifaa hivyo vilikuwa ni mmumunyo na jiwe.

Sayansi ya jambo hili ilikuja kwa kuchelewa, na kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia: chaji ya umeme. Mwaka 1957 Maatman na Prater walionyesha kwamba chumvi inapoingia vitunduni haigawanyiki tu sawasawa na maji. Nyingine hunata kwenye kuta, nyingine hukataliwa. Uso wa oksidi yoyote ndani ya maji hubeba chaji inayotegemea ukali wa asidi ya maji hayo. Alumina haina chaji karibu na pH ya 8. Chini ya hapo huwa chanya na huvuta ioni hasi kama zile za molibdeni. Silika hufikia hali ya kutokuwa na chaji kwenye pH ya chini sana, kwa hiyo katika maji ya kawaida huwa hasi na huzisukuma mbali ioni hizohizo. Mwaka 1978 Brunelle aliyapanga mambo haya vizuri kiasi kwamba mtu akawa na uwezo wa kutabiri chumvi ipi itashika wapi. Miaka mitatu kabla, mwaka 1975, ulikuwa umefanyika Brussels mkutano wa kwanza wa kimataifa uliojikita katika misingi ya kisayansi ya kuandaa vichocheo, na maprofesa wakaanza kuzungumza hadharani kuhusu mambo ambayo kampuni zilikuwa zikiyaficha kama mapishi ya ukoo. Hapo faida ya mmumunyo mwingi ikaeleweka: ukichuja na kuosha, kinachobaki ni kile tu kilichoshikwa na ukuta. Ikaeleweka pia kwa nini platini huishia kwenye ganda la nje la punje ya alumina: hunata mara tu inapoingia na haifiki ndani. Na ikajulikana kwamba asidi ya sitriki ikitiwa katika mmumunyo hugombania nafasi zilezile, ikaisukuma platini ifike katikati.

Ukaushaji nao, uliokuwa ukiachiwa kibarua wa zamu, ukageuka uwanja wa utafiti. Chumvi isiyoshikwa na ukuta husafiri na maji yanapokauka, ikajikusanya pale maji yanapoishia, kama chumvi ya bahari inavyoacha ukingo mweupe kwenye shuka la mvuvi lililoanikwa. Kausha haraka, na chumvi itaganda ilipo au itarudishwa ndani na mvuke. Kausha polepole, na itavutwa hadi ganda la nje. Ndiyo maana maabara mbili zilizofuata maelezo yaleyale zilipata vichocheo viwili tofauti, zikalaumiana. Huko Paris, mwaka 1997, Xavier Carrier, Jean-François Lambert na Michel Che walitoa ushahidi ambao kwangu ndio unaofunga mjadala. Walionyesha kwamba alumina ikizamishwa kwenye mmumunyo wa molibdeni haikai kimya kungoja kupakwa. Sehemu yake huyeyuka, aluminiamu ikaingia katika maji, ikazungukwa na molibdeni sita na kuunda kiwanja kipya. Jiwe lililodhaniwa sinia lilikuwa limeingia kwenye mchuzi kabla hata moto haujawashwa.

Pingamizi la haki zaidi linatoka Oppau, Ujerumani, ambako mwaka 1913 amonia ilianza kutengenezwa kiwandani kwa kichocheo ambacho hakikulowekwa popote. Alwin Mittasch na wenzake, baada ya maelfu ya majaribio, waliyeyusha oksidi ya chuma pamoja na alumina kidogo na potasiamu, wakaipoza na kuivunja vipande. Uzao wa karne nzima wa mbolea umesimama juu ya chuma hicho. Ninakubali kwamba kuloweka si sharti la kichocheo kizuri, na historia inayodai hivyo ingekuwa ya ushabiki. Lakini hata pale, alumina kidogo ndiyo inayozuia punje za chuma zisigandane, na bila hiyo chuma huchoka mapema. Funzo ni lilelile kwa njia nyingine. Pingamizi jingine ni kwamba ukuta unaweza kuharibu. Kobalti ikichomwa kupita kiasi juu ya alumina huzama ndani yake na kutoa bluu nzuri ambayo Thénard aliwapatia wachoraji mwaka 1802, na rangi hiyo inapojitokeza kwenye punje, kobalti imefungiwa mahali isipoweza kufanya kazi. Hilo halipingi hoja, linaithibitisha: kisichofanya lolote hakiwezi kuharibu. Na kwa wanaosema kwamba mbinu mpya za kupandisha tabaka la atomu moja moja kwa mvuke zitauzika mmumunyo, jibu ni la tani. Mtambo wa kusafisha mafuta hujazwa punje kwa makumi au mamia ya tani kwa mara moja, na pipa linalozunguka huku likinyunyiziwa mmumunyo bado ndilo rahisi kuliko yote.

Mwanzoni mwa karne ya 21 ndoto ya Deacon ilirudi kupitia Japani. Kampuni ya Sumitomo ilianza kugeuza kloridi ya hidrojeni, takataka ya viwanda vya plastiki, kuwa klorini kwa kichocheo cha ruteni oksidi iliyopatikana kwa kuloweka oksidi ya titani katika chumvi ya ruteni. Ruteni ni adimu na ghali kuliko shaba kwa mbali, kwa hiyo haja ya kubana matumizi haijaondoka, na ni kosa kudhani kwamba ubunifu umeifuta. Lakini oksidi ya titani ina maumbo mawili makuu ya fuwele, rutili na anatasi, yenye fomula ileile. Ruteni oksidi ina mpangilio wa fuwele sawa na wa rutili, hivyo huota juu yake kwa kulingana nayo, ikatanda nyembamba na kushikamana. Ukitumia anatasi, kwa kiasi kilekile cha ruteni na kwa mmumunyo uleule, utendaji hushuka sana. Viwanda vinavyonunua kichocheo hiki vinalipia ruteni, lakini kinachoamua kama fedha hiyo imepotea au la ni aina ya jiwe lililokunywa mmumunyo.